Kabla ya Kubonyeza Linki, Isome Kutoka Kulia

Juni ikifika, kila mtu anakumbuka kujaza ritani za ushuru kabla ya tarehe 30. Matapeli pia wanakumbuka. SMS inaingia: KRA inakurudishia pesa, bonyeza hapa, weka namba ya simu na PIN upokee sasa hivi. Unaangalia linki, unaona herufi "kra" ndani yake, unaamini. Hapo ndipo watu hupoteza akiba yao.

Shida ni kwamba linki tunaisoma kama sentensi, kutoka kushoto. Mwenye tovuti anajulikana kutoka kulia.

Chukua anwani ya kweli: itax.kra.go.ke. Anza mwisho. "ke" ni Kenya, na majina yote ya .ke husimamiwa na KeNIC. "go" ni serikali. Wewe na mimi hatuwezi kujinunulia jina la.go.ke. Halafu "kra", huyo ndiye mwenyewe. "itax" ni jina ambalo KRA wameupa mfumo wao mmoja, basi.

Sasa hii, ambayo tumeitunga kama mfano: itax.kra.go.ke.rudisha-pesa.com/ingia. Inaanza vizuri kabisa, sivyo? Lakini tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina (hesabu mikwaju miwili ya https:// kando), kisha rudi nyuma. Unakutana na .com, halafu rudisha-pesa. Huyo ndiye mwenye tovuti. Maneno yote yaliyo kushoto kwake ameyaandika yeye mwenyewe. Ni kama mwenye ploti kuandika "Ikulu" kwenye mlango wa bedsitter yake: hati ya ploti bado inasoma jina lake.

Na kuandika jina ni rahisi ajabu. Kwenye kompyuta ya Linux, amri moja tu, hostnamectl set-hostname, inatosha kuipa mashine jina lolote unalotaka, hata la benki. Hakuna anayekuuliza. Kitu ambacho tapeli hawezi kuchukua ni domeni iliyosajiliwa na mtu mwingine, na ndiyo maana anazunguka pembeni yake.

Angalia pia vistari. kra.go.ke na kra-go-ke.com si kitu kimoja. Nukta hutenganisha ngazi, kistari hakitenganishi chochote, kwa hivyo hiyo ya pili ni jina moja refu la mtu yeyote mwenye pesa kidogo za kulisajili. Sifuri badala ya o, au "rn" badala ya "m", ni ujanja huohuo, na kwenye skrini ndogo ya simu macho hupita tu.

.co.ke je? Hapo usilale. Tofauti na .go.ke, mtu yeyote anaweza kusajili .co.ke, kwa hivyo angalia neno lililo mbele yake, herufi kwa herufi. HELB, kwa mfano, hutumia helb.co.ke ingawa ni shirika la serikali. Na ile kufuli kwenye brauza inamaanisha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tapeli pia ana kufuli.

Linki fupi kama za bit.ly hazionyeshi mwenyewe hata kidogo. Ziache. Huduma nyingi hata hazihitaji linki: Hustler Fund, kwa mfano, unaipata kwa kupiga *254#. Ukitaka iTax, andika anwani mwenyewe.

Je, umeshaweka PIN kwenye linki usiyoielewa? Usingoje uone kama pesa zitatoka. Badilisha PIN sasa hivi kupitia menyu ya simu yako, kisha utupigie kwa namba iliyo ndani ya app yetu, si ile iliyo kwenye SMS. Mhudumu wetu atakuuliza jina na muamala wa mwisho. PIN hatakuuliza. Akiuliza, kata simu.