Usikwangue Namba

Wanachama wenzangu, muhula uliopita nilikuta viti vya zamani vimerundikwa nyuma ya jiko la shule moja hapa Juja, vikingoja shoka. Nikakumbuka habari ya Chandigarh, kule India. Mji huo ulipangwa na Le Corbusier, na binamu yake, Pierre Jeanneret, naye msanifu majengo, ndiye aliyesimamia samani za ofisi miaka ya 1950: viti vya msaji, miguu kama V iliyopinduliwa. Vilipochakaa vikarundikwa vivyo hivyo, vikauzwa kwa bei ya kutupa. Wanunuzi wa Ulaya wakavibeba, wakavinadi kwa maelfu ya dola. Mwaka 2011 serikali ya India ikakataza visipelekwe nje. Lakini wapi, vingi vilikuwa vimeshakwenda!

Je, kiti cha kweli hujulikanaje? Wajuzi huangalia viungo vya mbao, na namba ya ofisi iliyopakwa kwa rangi. Fundi akipiga msasa mpaka namba itoke, ushahidi umekwisha. (Na mafundi wetu wa kando ya barabara wanavyopenda msasa, jamani!)

Mimi niliomba kimoja. Mpishi akacheka, "Chukua, kijana." Kina namba 47, rangi nyeupe. Nimekipangusa kwa kitambaa tu. Vingine saba viliivisha githeri siku hiyo hiyo.