Kiazi Kitamu Kina Sukari Yake



Hivi umewahi kumwona mtu akiuza asali yake ili apate hela ya kununua sukari? Ukimwona utamcheka. Lakini sisi wenyewe, wakulima wa huku Kanda ya Ziwa, tunafanya jambo linalofanana na hilo kila msimu wa kuvuna viazi. Tunachimba viazi vitamu, vile vizuri tunavipeleka gulioni, na hela tunayopata tunanunulia sukari ya chai. Tunauza utamu ili tununue utamu.

Somo la leo linahusu namna ya kuchoma viazi vitamu ili viwe chakula kizuri cha kula pamoja na mboga, bila kumwaga sukari nyingi. Wengine watasema, "Kuchoma viazi nako kuna somo?" Ndiyo, ndugu, lipo. Tusome.

Tulivyoanza

Siku moja darasani kwetu, chini ya mwembe, tulikuwa tunazungumza juu ya chakula cha watoto. Bibi mmoja anayelea wajukuu watatu akasimama.

"Mwalimu, mwanangu," alisema, "hayo ya chakula bora nayasikia. Lakini wajukuu zangu viazi hawavitaki. Nikivichemsha wanasema eti havina ladha. Wanataka chai ya sukari na maandazi. Basi mimi nauza debe la viazi, nanunua sukari. Na huyu mdogo wao, jua likizama anapapasa njia kama kipofu. Sasa nifanye nini?"

Tulikuwa tumeanza kucheka, lakini aliposema habari ya yule mtoto tulinyamaza. Mwalimu akamwambia, "Bibi, habari ya macho isingoje somo. Kesho asubuhi mpeleke zahanati." Akampeleka, akapewa matone ya vitamini A. Muuguzi akamwambia pia kwamba mtoto ale mboga za majani, na matunda na viazi vyenye rangi ya njano ndani.

Kumbe matatizo yalikuwa mawili. La kwanza, watoto hawapendi viazi. La pili, viazi vya bibi vilikuwa vyeupe ndani, na viazi vyeupe havina vitamini A ya kutosha. Tukaona tuyashughulikie yote mawili.

Utamu unatoka wapi?

Akina mama wanaopika togwa wanajua jambo hili, hata kama hawajalisoma kitabuni. Unapika uji, unauacha upoe kidogo, ndipo unatia kimea. Baada ya muda uji ule ambao haukuwa na sukari hata chembe unakuwa mwepesi na mtamu. Lakini ukitia kimea uji ukiwa bado unachemka, togwa haiwi tamu. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya kimea kuna kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari. Wataalamu wanakiita kimeng'enya. Joto la wastani linakiamsha. Joto kali linakiua.

Sasa sikilizeni. Kiazi kitamu kina kimeng'enya cha namna hiyo ndani yake chenyewe. Hakuna haja ya kukitilia kimea. Kiazi kikipata joto polepole, kufikia kati ya nyuzi 60 na 75 hivi, wanga wake unaanza kugeuka sukari. Hilo ni joto la kuunguza kidole, lakini maji bado hayajachemka. Kiazi kikikaa muda mrefu kwenye joto hilo, kinakuwa kitamu sana. Kikipita hapo haraka, kwa moto wa kuwaka, wanga mwingi unabaki wanga. Tena kiazi cha kuchoma kinapoteza maji, kwa hiyo utamu wake haupungui ladha kama wa kiazi kilicholowa maji ya sufuria.

Kwa hiyo sukari ya kiazi haitoki dukani. Inatokana na moto wa polepole. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu.

Njia ya kwanza: kuvumbika kwenye majivu

1. Chagua viazi vya wastani, unene kama wa kifundo cha mkono. Kiazi kikubwa mno huungua nje kabla ya kuiva ndani. Viwe vimekaa kivulini siku 3 hadi 5 tangu kuchimbwa. Vikikaa hivyo vinaongeza utamu.

2. Osha udongo wote, futa maji. Usimenye. Ganda linakilinda kiazi.

3. Washa kuni, uache moto uishe kuwaka, libaki jivu la moto na makaa machache. Usitumie mbao zilizopakwa rangi wala kuwasha moto kwa plastiki, maana sumu yake itaingia kwenye chakula.

4. Fukia viazi kwenye jivu. Weka makaa machache juu, yasiguse viazi.

5. Vigeuze kila baada ya robo saa. Vitaiva kwa dakika 45 hadi saa 1. Choma kwa kijiti: kikiingia bila nguvu na utomvu mtamu ukionekana kwenye ganda, viazi tayari.

Njia ya pili: sufuria yenye moto juu na chini

Njia hii wanaijua wanaooka keki au mkate wa kumimina kwa mkaa. Inafaa ukitaka viazi vyenye utamu kidogo wa asali, vya kula pamoja na maharage au dagaa.

Vitu vinavyotakiwa kwa watu 6:
viazi vitamu kilo 1
mafuta ya kula vijiko 2 vya chakula
asali kijiko 1 cha chakula
ndimu nusu
chumvi kidogo

1. Osha viazi, vikate vipande vyenye unene wa vidole viwili. Ganda likiwa safi liache, lina nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo.

2. Changanya vipande na mafuta na chumvi. Usitie asali sasa. Asali huungua upesi, ikawa chungu.

3. Panga vipande ndani ya sufuria nzito. Funika. Weka makaa machache chini na makaa mengi zaidi juu ya mfuniko.

4. Baada ya dakika 20 funua, geuza vipande. Funika tena kwa dakika 15 hadi 20.

5. Vikiwa laini, changanya asali na maji ya ndimu, nyunyizia juu, funika dakika 5 za mwisho. Epua.

Hesabu yake ni hii: kijiko 1 cha asali kikigawanywa kwa watu 6, kila mtu anapata kama nusu kijiko cha chai. Ni kidogo, lakini ulimi unakisikia kwa sababu kiazi chenyewe kimeshakuwa kitamu. Kama huna asali, acha. Hakuna kitakachoharibika.

Kwa nini tujali sukari?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015. Sukari ya kuongeza, na asali imo humo, isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida. Hiyo ni kama vijiko 12 vya chai. Ikiwa chini ya vijiko 6 ni bora zaidi. Sasa jihesabu mwenyewe: mtu anayekunywa vikombe 3 vya chai, kila kikombe vijiko 4, ameshamaliza vijiko 12 kabla hajala andazi.

Viazi lishe

Viazi vyenye rangi ya njano iliyoiva au ya chungwa ndani tunaviita viazi lishe. Aina kama Kabode na Ejumula zinalimwa nchini kwetu. Kiazi lishe kimoja kidogo, cha gramu 125 hivi, kinaweza kumpa mtoto wa chini ya miaka 5 vitamini A anayohitaji kwa siku. Vitamini hiyo inalinda macho na kuusaidia mwili kupigana na magonjwa. Lakini mwili hauipokei vizuri bila mafuta. Ndiyo maana tumeweka mafuta kwenye sufuria. Kwa viazi vya majivuni, kula na karanga au na mboga iliyoungwa kwa mafuta.

Kazi ya kueneza viazi hivi imepata sifa duniani. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa wataalamu wanne. Watatu kati yao, Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low, waliipata kwa ajili ya viazi lishe. Mwanga ni Mganda, jirani yetu.

Mambo ya kuangalia

Kiazi chenye mashimo ya fukusi, au kilichooza upande, huwa kichungu na kina sumu. Usikile, wala usimpe ng'ombe.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali hata kidogo. Inaweza kumletea ugonjwa wa hatari. Mpondee kiazi kitupu.

Mwenye kisukari asidanganyike kwa kuwa hatukutia sukari. Kiazi cha kuchoma kinapandisha sukari ya damu haraka kuliko cha kuchemsha. Yeye ale kipande kidogo cha kuchemsha, pamoja na maharage na mboga, na afuate maelezo ya zahanati.

Kiazi ni chakula cha wanga kama ugali. Ukikiweka sahani moja na ugali, punguza ugali. Sahani nzuri ni viazi, maharage, na matembele. Shamba lile lile la viazi limekupa na mboga.

Yaliyotokea

Siku ya kujaribu tulikosea. Tulikuwa na njaa, tukawasha mabua ya mahindi, moto ukaruka juu. Viazi vikawa mkaa nje, na ndani vibichi. Bibi akatutazama, akasema, "Vijana mna haraka. Leteni jembe." Akavuta majivu, akavumbika viazi vyake vyeupe vile vile ambavyo wajukuu walivikataa, akakaa akasubiri. Saa nzima ilipopita tulivipasua. Ndugu, tulikula tukasahau daftari.

Jioni yake aliwavumbikia wajukuu. Wiki iliyofuata alitwambia walivimaliza, wakauliza kama kesho vitakuwepo. Chai ya sukari bado wanaitaka, hilo hakutuficha. Lakini sasa nusu debe linabaki nyumbani. Tena alipata marando ya viazi lishe kwa mwenzetu mmoja, akapanda matuta manne karibu na kisima, na akamwambia yule mdogo wao kwamba matuta hayo ni yake.

Maneno magumu

Kuvumbika: kufukia kitu kwenye majivu ya moto kiive.
Wanga: sehemu ya chakula inayotia mwili nguvu, kama ya ugali na viazi.
Marando: mashina ya viazi yanayokatwa kwa ajili ya kupanda.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini viazi vilivyovumbikwa polepole ni vitamu kuliko vya moto wa kuwaka?
2. Mama ana viazi kilo 3. Atatumia vijiko vingapi vya asali na vingapi vya mafuta?
3. Nyumbani kwako mnatumia kilo ngapi za sukari kwa mwezi? Ni shilingi ngapi? Hela hiyo ni sawa na debe ngapi za viazi?
4. Katika kijiji chenu, nani ana marando ya viazi lishe? Mtayapataje?

Swali la tatu msilijibu kwa mdomo tu. Andikeni kwenye daftari, mke na mume mkiwa pamoja.