Maji ya Kisima kwa Tangi la Mimea

Naishi Tegeta, chini ya kilima cha Wazo kunakochimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji, kwa hiyo tabia ya maji ya kisima chetu hainishangazi. Birika linaota ukoko, sabuni inagoma kutoa povu, na kioo cha tangi la samaki kina mstari mweupe pale maji yanapoishia. Kipimo cha ugumu wa maji kinasoma digrii 20.

Ugumu huo una sura mbili. GH ni kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja, chakula cha mimea. KH ni kaboneti na bikaboneti, zinazozuia pH isiyumbe. Kila moja ina chupa yake ya matone: chota mililita 5, tonesha huku ukitikisa mpaka rangi igeuke. Kwa vipimo vingi, tone moja ni digrii moja.

Ili kupunguza ugumu, utashauriwa ukamulie ndimu. Achana nayo. KH ya juu huimeza asidi, pH inashuka kidogo na kupanda tena, na anayeteseka ni samaki. Mimi nategemea maji ya mvua, baada ya mvua za mwanzo kuosha bati. Bati jipya siliamini, maana zinki inaua uduvi. Hesabu ya kuchanganya ni nyepesi, kwa kuwa maji ya mvua yana ugumu wa karibu sifuri: ndoo moja ya kisima kwa tatu za mvua, unapata digrii 5. Changanya kwenye pipa, kisha badilisha robo tu ya tangi kwa wiki.

Kinachosahaulika ni kujaliza. Kwa joto la Dar maji yanapungua upesi, lakini yanayopaa ni maji matupu, madini yanabaki. Ukijaliza kwa maji ya kisima, ugumu unazidi kupanda taratibu. Jaliza kwa maji ya mvua peke yake. Na mawe ya ufukweni yadondoshee siki kwanza. Jiwe likitoa povu, hilo ni la chokaa, libaki nje.

Kiangazi mvua ikikatika, nategemea mimea mivumilivu. Valisineria hufyonza kaboni hata kutoka kwenye bikaboneti. Pitisha kidole kwenye jani lake jioni, baada ya mwanga mkali, utahisi mkwaruzo wa chokaa iliyogandia hapo. Anubiasi nayo haina makuu. Samaki wa kuwaweka humo ni gapi, wanaopenda maji magumu.

Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, chuma kimepungua. pH ya juu hukigandisha kisifyonzeke. Manjano yakianzia majani ya zamani, shuku magnesiamu, hata kama GH iko juu, kwani maji ya mawe ya chokaa yanaweza kujaa kalsiamu tupu. Chumvi ya Epsom gramu 10 kwa lita 100 huongeza karibu miligramu 10 za magnesiamu kwa lita. GH itapanda zaidi ya digrii 2, kwa hiyo pima tena kabla ya kurudia.