Dainamo na Oltaneta

Lori kuukuu la dizeli, kama Bedford za zamani, lina dainamo. Injini ikizunguka taratibu, dainamo hutoa umeme kidogo mno. Taa zinafifia, betri inalala, asubuhi tunasukuma! Oltaneta huchaji hata lori likienda polepole.

Lakini tusiifunge kwa pupa. Kwanza tutazame betri. Ni waya wa alama ipi umefungwa kwenye chesisi? Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya 1965 yalifungwa wa +. Oltaneta nyingi zinataka wa −. Fundi ageuze kwanza, la sivyo oltaneta itaungua papo hapo, na pesa ya mazao imekwenda. Waya mwembamba wa dainamo nao tuubadili, tuweke mnene. Mwembamba utapata moto. Na injini ikinguruma, tusifungue betri.