Usilale na Jiko la Mkaa Chumbani

Ikifika Juni, wenzetu wa Njombe, Makete na Mbeya wanaijua shughuli yake. Asubuhi ukitia mkono kwenye ndoo ya maji, unauchomoa mbio. Usiku kila mtu anatafuta joto. Leo tujifunze kupata joto bila kupoteza maisha.

Tuseme familia yenu imehamia nyumba mpya. Bati linang'aa, dari imepigwa, madirisha ya aluminiamu yanafunga barabara. Usiku baridi inakaza, wadogo zako wanatetemeka. Unaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. "Mkaa umeshika, hauna moshi," unajisemea. Asubuhi mama anagonga mlango. Haitiki mtu.

Kitu gani kimetokea?

KEMIA YA MKAA

Mkaa ni kaboni. Ukiungua penye hewa ya kutosha, hutoa zaidi hewa ya ukaa, yaani CO2. Oksijeni ikipungua, hutoa kwa wingi hewa nyingine, kaboni monoksaidi, yaani CO. Hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ukiivuta, huingia kwenye damu na kung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka, lakini haibebi oksijeni ya kutosha. Ubongo na moyo vinaumia.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Wengi hudhani ni malaria. Mkiugua wote mliomo chumbani kwa pamoja, na mkitoka nje mkapata nafuu, shtukeni!

"MBONA SISI TULIOTA MOTO MIAKA YOTE?"

Bibi atakuuliza hivyo, na ana haki ya kuuliza. Mjibu kwa heshima: "Bibi, nyumba yenu ya nyasi ilikuwa inapumua." Hewa ilipita kwenye nyasi na kwenye nafasi kati ya ukuta na paa. Moshi uliwaumiza macho na mapafu, lakini CO ilipata pa kutokea. Nyumba mpya imezibwa kila upande. Jiko ni lile lile, nyumba ndiyo iliyobadilika.

ETI...

Eti ukiweka beseni la maji chumbani unasalimika. Si kweli. CO haiyeyuki vizuri kwenye maji.

Eti ukilala kitanda cha juu haikufikii. Hebu piga hesabu: kaboni 12, oksijeni 16, jumla 28. Hewa ya kawaida ni kama 29. Uzito unakaribiana, kwa hiyo CO husambaa chumba kizima.

Eti aliyezidiwa anyweshwe maziwa. Hapana! Aliyezirai anaweza kupaliwa. Fungua milango, mtoe nje haraka, umwahishe hospitali apewe oksijeni.

NYUMBA IKIWA BADO INAJENGWA

Huu ndio wakati wa kusema. Ukuta ukishapigwa plasta, gharama inapanda.

1. Madirisha. Kipimo cha zamani cha kanuni za ujenzi zilizotoka Uingereza ni moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina mita za mraba 9. Dirisha lake basi lisipungue mita ya mraba 0.9. Weka pia matundu ya hewa ya kudumu juu ya ukuta.

2. Dohani. Moto wa kuota ndani ya nyumba ujengewe dohani. Kanuni za Marekani hutaka itokeze juu ya paa angalau sentimita 90, na ipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho umbali wa mita 3 kutoka kwake. Mbao za kenchi zisiiguse, zitashika moto.

3. Ninyi wa Dar na Tanga mnaotafuta ubaridi, wekeni madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Kiyoyozi cha ukutani kwa kawaida hupoza hewa ile ile iliyomo chumbani, hakiingizi mpya. Jenereta nayo hutoa CO. Ikae nje, mbali na madirisha.

Kama hakuna dohani, oteni moto nje, kisha mwingie ndani na mablanketi ya kutosha. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kukulinda.

Unaogopa kumfundisha baba kazi? Anza na swali: "Shikamoo baba. Hivi dohani tutaipitishia wapi?" Swali hilo halina ukosefu wa adabu, na linaweza kuwaokoa wadogo zako.

JADILINI DARASANI

1. Kwa nini mkaa usio na moshi unaweza kuua?
2. Pima bweni lenu. Je, madirisha yanafikia moja ya kumi ya sakafu?
3. Rafiki yako anaingiza jiko bwenini usiku. Utamwambia nini?