Poda moja, rangi mbili

Swali: Nilichoma poda ya oksidi ya zinki ya kopo moja katika matanuri mawili. Chini ya taa ya urujuanimno, moja inang'aa kijani, nyingine haing'ai. Kwa nini?

Jibu: Usiilaumu poda, chunguza kila tanuri lilikuwa na gesi gani. Fuwele safi ya oksidi hii hutoa urujuanimno, karibu nanomita 380, usioonekana kwa macho. Kijani, kwenye nanomita 500 na ushei, hutokana na kasoro: atomi iliyokosekana au ngeni iliyojipenyeza. Oksijeni ikipungua tanurini, zinki huzidi na kijani hukolea. Poda ya namna hiyo ndiyo iliyowasha tarakimu za kijani-buluu kwenye redio nyingi za zamani. Plazma ya haidrojeni hufanya kinyume: hutuliza kasoro, kijani hufifia, urujuanimno hupanda.

Kasoro ipi hasa? Wataalamu bado wanabishana: pengo la oksijeni, pengo la zinki, au uchafu wa shaba. Binafsi siamini maelezo yanayotegemea rangi peke yake. Choma tena sampuli zote mbili, safari hii ukibadilisha gesi tu, joto na muda vibaki vilevile.