Ugali Haupungui, Kitoweo Ndicho Hupotea

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi nchini Kenya ilikuwa imevuka shilingi 200. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu kadhaa mfululizo, na vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya mbolea na mafuta. Serikali ikaiteremsha bei hadi shilingi 100 kwa ruzuku, ambayo haikudumu.

Husemwa kwamba bei ikipanda mkulima hucheka. Mwenye mashamba makubwa Trans Nzoia, pengine. Mwenye nusu ekari huuza mara tu anapovuna, kwa kuwa karo na deni la mbolea havingoji; miezi michache baadaye yuko sokoni akinunua kwa gorogoro mahindi aliyoyauza kwa gunia.

Nyumbani ugali hauachwi. Huachwa mayai, kisha maziwa na samaki, mwishowe hata maharage. Kwa kuwa matumbo yanashiba, hakuna anayeona hasara, na mama ndiye hula mwisho, hata akiwa mjamzito. Mtoto wa chini ya miaka 2 akikosa lishe hudumaa, na kimo anachokosa ni vigumu kukifidia. Kwa hiyo yai likiwa moja, ni lake, baba asinune. Omena waliokaushwa na kusagwa wanaweza kutiwa kwenye uji wake. Mpeleke kliniki apimwe mkono kwa utepe: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo. Chini ya 11.5 ni hatari, atibiwe mara moja.

Jihadharini pia na mahindi ya bei ya kutupa yenye ukungu. Mwaka 2004 sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu huo, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na kuyapika mahindi hakuiondoi.

Afadhali majirani au chama mchangishane, mnunue magunia wakati wa mavuno na kuyahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Kabla ya kufunga, tieni punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, mtikise, mwache kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana na kioo, rudisheni mahindi juani.